Sisimizi Juu ya Shuka la Kulwa

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Haya wajukuu, leo vyote vitatu vipo. Uongo ni Kulwa na Doto, mapacha niliowatunga mwenyewe, pamoja na majirani zao, kwa hiyo msije mkaenda kuwaulizia Pasiansi nyumba kwa nyumba. Utamu mtaukuta umekolea mahali ambapo haukutakiwa kukolea hata kidogo. Yaliyobaki ni kweli tupu. Hayo yashikeni, maana iko siku mtayaona kwa rafiki mnayekaa naye dawati moja, kwa bibi, au mkayaona kwenu wenyewe.

Pasiansi baadhi yenu mnaijua. Ukipanda daladala mjini Mwanza kuelekea uwanja wa ndege, ukiipita Kirumba umeshakaribia. Kuna chuo cha wanyamapori pale tangu mwaka 1966, ambako askari wanaolinda tembo na faru wetu hufundishwa kazi. Na kuna mawe. Nyumba zimejibanza katikati ya mawe makubwa, na lile jiwe lililo nyuma ya nyumba halikosi shughuli: huanikwa dagaa, huanikwa michembe, huanikwa nguo, na jioni watu hukaa juu yake wakilitazama ziwa.

Kulwa na Doto walikuwa wasichana wa miaka 11, wamefanana hadi mama yao akiwaona kwa mgongo huita jina lolote linalomjia. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, wakavaa viatu namba moja. Nawaambieni haya mapema kwa sababu mabadiliko ya Kulwa yasingeonekana haraka kama pembeni yake asingekuwapo mtu wa kumlinganisha naye.

Ilianza kiu. Ilikuwa Oktoba, mvua bado zinasita, na joto la Mwanza mnalijua. Nani atashangaa mtoto akinywa maji? Ila Doto akimaliza kikombe kimoja, Kulwa alimaliza vitatu, kisha akabaki analamba midomo akitazama ndoo. Shuleni alienda na kidumu chake, kikawa kinakwisha kabla ya kengele ya mapumziko. Usiku aliamka akapapasa gizani kutafuta kata.

Baada ya kiu, choo. "Mwalimu, naomba niende msalani." Dakika chache baadaye, "Mwalimu, naomba niende." Darasa likaanza kucheka, mwalimu akaona anachezewa, akamwambia akae chini mpaka kipindi kiishe. Masikini Kulwa, alikaa amebana miguu, machozi yanamlengalenga, hajui amekosa nini.

Kisha likaja la aibu. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akiwa na miaka minne akaanza upya, na si usiku mmoja. Doto akaamka amelowa, akafoka, wakagombana. Bibi yao akatoa amri: Kulwa asipewe maji baada ya chakula cha jioni. Alikuwa na nia njema, lakini hapo wajukuu nitamkosoa mbele yenu. Mtoto mwenye kiu ya namna ile hanywi kwa uroho. Mwili wake unakauka, na ukimnyima maji unazidi kumkausha.

Na Kulwa alikuwa anakula! Ugali wake, nusu ya ugali wa Doto, na matobolwa yaliyobaki asubuhi. Pamoja na hayo sketi ya shule ikaanza kumteleza. Mama akaishika kiunoni kwa pini. Baada ya muda pini ikasogezwa, kisha ikaongezwa ya pili. Mifupa ya mabega ikatokeza. Darasani alisinzia, na siku moja akamnong'oneza Doto amsomee ubaoni, kwa sababu maandishi yalikuwa na ukungu.

Sasa tazameni jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Mama Kulwa hakuwa mzembe. Kila jambo alilipatia jibu, na kila jibu lilikuwa la akili. Kiu? Joto. Mkojo? Anakunywa mno. Kukonda? Minyoo, au anarefuka. Uchovu? Malaria hiyo, akapita duka la dawa akanunua dozi ya mseto bila mtoto kupimwa. Jirani mmoja naye akanong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu: iweje pacha mmoja anawanda na mwenzake anakauka? Majibu matano kwa maswali matano. Hakuna aliyekaa akayaweka maswali yote juu ya mkeka mmoja na kuuliza kama yana jibu moja.

Aliyefanya hivyo alikuwa mzee jirani, askari wa wanyamapori mstaafu, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Babu Masanja. Asubuhi moja alipita nyuma ya nyumba akakuta shuka la Kulwa limeanikwa juu ya jiwe, halijafuliwa, maana maji ya bomba yalikuwa hayajatoka. Akasimama. Akachuchumaa. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka kwenye ufa wa jiwe, ukapanda pindo la shuka, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye duara la mkojo uliokauka. Pembeni ya duara hapakuwa na hata mmoja. Ndani ya duara walikuwa weusi tititi. Akaligusa shuka kwa kidole. Lilikuwa linanata.

"Mama Kulwa, hebu njoo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hawa wamefuata nini hapa?"

"Labda uji ulimwagika, baba."

"Uji mnanywea kitandani?"

Mama akanyamaza.

"Mimi si daktari," mzee akasema. "Ila miaka yangu porini ilinifundisha kwamba mdudu hafungi safari bure. Mkojo huu una sukari. Marehemu dada yangu naye alianza hivi hivi, maji na choo, choo na maji, huku anaisha mwili. Mpelekeni mtoto akapimwe. Leo, siyo Jumatatu."

Naona mmoja ananiangalia kama nimeongopa. Sikuongopa. Waganga wa India waliandika habari za sisimizi kufuata mkojo wa aina hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Uingereza, daktari Thomas Willis aliandika mwaka 1674 kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu ajabu. Mnajua alijuaje? Kwa kuonja! Cheka tu, hata mimi nilicheka. Zamani ulimi ulikuwa kipimo halali cha daktari. Miaka 102 baadaye mwenzake, Matthew Dobson wa Liverpool, aliukausha mkojo huo kwenye moto taratibu, akapata masalia meupe yenye ladha ya sukari.

Lakini msianze kutega sisimizi nyuma ya vyoo vyenu. Wanaweza wasije, na mtu akawa mgonjwa. Wanaweza kuja kwa sababu ya ganda la embe. Babu Masanja alikuwa na bahati ya kuwaona, na alikuwa na akili ya kutoishia hapo. Kipimo ni tone la damu.

Kabla hatujafika zahanati, ngojeni niwaonyeshe kilichokuwa kinatokea ndani ya Kulwa, maana ukikielewa hutahitaji kukariri dalili. Zitajipanga zenyewe.

Mnakumbuka foleni za Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025? Magari yanajazana upande huu, ng'ambo ya Sengerema watu wanasubiri mizigo yao, na katikati ni maji. Kila kitu kilitegemea kivuko. Sasa chakula ulichokula, uwe ugali, wali au viazi, wanga wake huvunjwavunjwa tumboni ukawa sukari iitwayo glukosi, ikaingia kwenye damu. Damu ndiyo Kigongo. Misuli na sehemu nyingine za mwili zenye kuhitaji nguvu ndizo Busisi. Kivuko ni insulini, kitu kinachotengenezwa na kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Kwa Kulwa vivuko vilikuwa vinakwisha. Kinga ya mwili, ile ile inayopambana na vijidudu, ilikuwa imekosea adui, ikaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hii madaktari wanaiita kisukari aina ya kwanza, na mara nyingi huwapata watoto na vijana. Kulwa hakuipata kwa kula pipi. Hakuambukizwa na mtu, na hakuna aliyemtupia.

Basi foleni ikazidi kuwa ndefu. Sukari ya damu ikipanda hadi kama 10 kwa kipimo kinachotumika hospitali zetu, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Inamwagikia kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, huvuta maji kwenda nayo. Ndiyo maana Kulwa alikojoa sana. Maji yakitoka, mwili unakauka, ndiyo kiu. Mnaona? Mama alidhani mtoto anakojoa kwa sababu anakunywa, kumbe anakunywa kwa sababu anakojoa. Ng'ambo nako misuli haipati kitu, inaomba chakula. Ndiyo ile njaa. Chakula kikija kinaishia Kigongo kwenye foleni, kwa hiyo mwili unaanza kujila wenyewe, mafuta na nyama; ndiyo pini za sketi. Misuli isiyo na nguvu ndiyo uchovu. Hata jicho, lenzi yake ikijaa maji yasiyo ya kawaida kwa sababu ya sukari, hubadilika umbo, na ubao ukawa na ukungu. Dalili zote zimetoka mahali pamoja.

Hatari yenyewe ni hii. Mwili ukichoma mafuta kwa pupa hutoa tindikali ziitwazo ketoni, na zikizidi damu inageuka sumu. Hapo mtoto huumwa tumbo, hutapika, huhema kwa nguvu na kwa kina ingawa hajakimbia, na pumzi yake hunuka tunda lililoiva likapitiliza. Baadaye husinzia asiamke. Kutoka kiu ya kwanza hadi hapo kwa mtoto zinaweza kupita wiki chache tu.

Kulwa alitapika wakiwa bado njiani kwenda zahanati. Ndani, nesi alimsikiliza mama akitaja malaria, akatikisa kichwa, akauliza swali moja: "Anakunywa maji sana?" Kisha akamchoma Kulwa kidole, akaminya tone dogo la damu, akaligusisha kwenye stripu iliyochomekwa kwenye kimashine kinachotosha kiganjani. Wakasubiri sekunde chache. Hazikutokea namba. Zilitokea herufi mbili, H na I.

Doto, aliyekuwa anajivunia Kiingereza chake, akachungulia. "Mama, mashine inatusalimia!"

Nesi hakucheka. Mashine nyingi huandika hivyo sukari inapozidi 33, maana yake hesabu imeishinda. Mtu mzima wa afya asiyekula tangu usiku huwa chini ya 6 au karibu na hapo. Ikifika 7 kabla ya kula, au 11.1 saa yoyote huku dalili zipo, daktari anasema huyu ana kisukari. Sasa pimeni wenyewe umbali kutoka 11 hadi 33.

Wakampandisha Bugando, ile hospitali ya kanda iliyo juu ya kilima, inayoonekana ukiwa pande nyingi za mji. Hapo nitapita haraka, kwa sababu wodini mambo mengi ni kusubiri: dripu ya maji, insulini kidogo kidogo, kidole kuchomwa saa baada ya saa, mama kulala kwenye kiti. Kulwa akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichoomba, kama kawaida, kilikuwa maji.

Kama angeugua miaka 110 iliyopita, hadithi ingeishia kitandani pale, hata angekuwa mtoto wa mfalme. Dawa haikuwapo. Madaktari waliwapa watoto chakula kidogo mno ili sukari isipande, yaani waliwanyima chakula ili wasogeze siku za kufa. Kisha, huko Toronto, Kanada, mji ulio ufukweni mwa ziwa kama Mwanza, daktari Frederick Banting na kijana aliyemsaidia, Charles Best, wakafanya kazi mwaka 1921 ya kukamua dawa kutoka kwenye kongosho za mbwa, na baadaye za ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Alikuwa amebaki na kilo zisizofika 30. Sindano ya kwanza haikufaa sana, dawa ilikuwa na uchafu. Mwenzao James Collip akaisafisha usiku na mchana, na tarehe 23 mwezi ule ule Leonard akachomwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikaanza kurudi. Aliishi miaka mingine 13. Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, na ndiyo sababu siku hiyo kila mwaka ni Siku ya Kisukari Duniani. Ninyi mtakaokuwa wanasayansi, angalieni: Collip aliyesafisha tu, bila yeye Leonard asingepata nafuu, na hakuna siku ya Collip.

Insulini ya Kulwa ni ya sindano, kwa sababu ukiimeza tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Ataichoma maisha yake yote. Haiponyi kongosho. Inakaa mahali pa kivuko kilichopotea.

Haya, nani amenyoosha mkono? Unasema bibi yako ana sukari na hajawahi kukonda hivyo? Vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa.

Bibi yako huenda ana aina ya pili, na hiyo ndiyo iliyojaa mitaani. Kivuko kwake kipo, ila gati la ng'ambo halikipokei sawasawa, kwa hiyo foleni inarefuka polepole, mwaka baada ya mwaka. Uzito mkubwa huichochea, kukaa bila kutembea huichochea, na kuna koo ambazo hurithishana. Zamani tuliidhani ya matajiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 Tanzania. Wengi wa namna hiyo hawajijui, kwa sababu aina ya pili haina haraka. Inaweza kukaa ndani ya mtu miaka kadhaa bila kumwangusha.

Chukulieni mjomba wa mapacha wetu, mbeba mizigo pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa na samaki. Mwiba wa sato ulimchoma kidole cha mguu. Nani pale hajawahi kuchomwa? Akafungua kidonge cha rangi mbili, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda, akaendelea na kazi. Wiki mbili, tatu, kidonda kiko pale pale, kina maji, hakiumi. Kutouma kwake akakuona ni nafuu. Kumbe sukari ilikuwa imeshadhoofisha mishipa ya fahamu ya nyayo na kupunguza damu inayofika vidoleni. Aliyemgundua ni Kulwa, ambaye wakati huo alikuwa ametoka hospitali na jicho lake limekuwa kali. Alikuwa anatembea nyuma ya mjomba kwenye kipito cha mawe. Ndala ya kushoto ikamvuka mguuni. Mjomba akaendelea kutembea, hatua tano, sita, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, anazungumza habari za mpira. Hakujua.

"Mjomba, ndala yako iko kule."

Akatazama chini, akashangaa kweli kweli.

Kwa watu wazima tazameni mambo ya namna hiyo. Ganzi au kuchomachoma kwa miguu, hasa usiku. Kidonda au jipu lisilokwenda mahali. Fangasi na miwasho sehemu za siri inayorudi kila ikitibiwa. Uambukizi wa njia ya mkojo usiokwisha. Macho yanayofifia, mtu anabadilisha miwani mara kwa mara. Kuamka usiku kwenda chooni kila mara, ambako wazee husingizia uzee. Kiu na uchovu vipo pia, ila vimekaa naye muda mrefu hadi vimekuwa tabia yake.

Na la Mwanza yenyewe: watafiti waliofanya kazi hapa walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kuwapima sukari wagonjwa wa kifua kikuu na majirani zao wasiokuwa nacho. Kwa wagonjwa, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kwa majirani, 9. Sukari ikipanda kinga hulegea, na vijidudu vya kifua kikuu havihitaji mwaliko. Kwa hiyo mtu wa kwenu akiambiwa ana TB, kuulizia kipimo cha sukari siyo ujuaji.

Ujuaji ndio unaowatisha wengi wenu, najua. Mtoto amwambieje mama kwamba anakosea? Usimwambie anakosea. Sema ulichokiona: "Mama, Kulwa amekunywa vikombe vitatu, ameamka mara nne usiku, na sketi haimkai." Hesabu za mtoto anayelala kitanda kimoja na mgonjwa zinamsaidia daktari kuliko hotuba ya mtu mzima. Na mkifika zahanati mkaambiwa malaria, mnaweza kuomba kwa adabu: "Tunaomba na sukari ipimwe." Kiu, mkojo, kukonda na uchovu vikimwandama mtoto kwa pamoja, siku hiyo hiyo apelekwe. Akitapika au akihema kwa nguvu, hata kama ni usiku wa manane.

Kulwa alirudi shule. Mwalimu yule, aliyekuwa amemkatalia ruhusa, alimhamishia dawati la karibu na mlango bila kusema neno, na mimi namhesabia hilo. Darasa likafundishwa jambo jingine ambalo nanyi mnalihitaji: aliye kwenye insulini, sukari yake inaweza pia kushuka kupita kiasi, akichelewa kula au akicheza sana. Hapo hutetemeka, hutoka jasho jembamba, hukasirika bila sababu au huongea mambo yasiyoeleweka. Hiyo haisubiri. Mpe soda yenye sukari, juisi au maji yenye vijiko vya sukari, mara moja, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kimbieni hospitali. Kuna mvulana mmoja aliwahi kulalamika kwamba mgonjwa wa sukari anapewaje soda darasani na yeye mzima ananyimwa. Kulwa akamwambia wabadilishane: achukue soda na sindano zake nne za kila siku. Mvulana akaishia kuomba radhi.

Naona swali la mwisho kwa macho yenu. Doto je?

Doto alipimwa siku ile ile ya kwanza, kwa sababu wamefanana na nesi hakutaka kubahatisha. Ilisoma 5.2. Hata mapacha wa kufanana namna hiyo, mmoja anaweza kupata aina ya kwanza na mwenzake asipate; lakini hatari yake iko juu kuliko ya mtoto mwingine, kwa hiyo mama aliambiwa amrudishe akiona hata kiu tu. Na nawaambia siri ya familia: Kulwa, aliyekuwa taabani, hakulia alipochomwa kidole. Doto, mzima wa afya, alipiga kelele hadi watu wa foleni ya nje wakasimama kuchungulia.